Mikoko Ikitazamwa kutoka Utemini

Jioni hii nataka tuzungumze habari za mikoko, na swali lako la kwanza nalijua: mikoko na Utemini wapi na wapi? Sisi wa Singida ni watu wa majabali, upepo na alizeti. Maji ya chumvi tunayo, katika maziwa ya Singidani na Kindai, lakini kandokando yake hutaona mkoko hata mmoja. Ukitaka kuushika kwa mkono itakubidi upande basi, upite Manyoni, Dodoma na Morogoro, ufike Dar es Salaam, kisha ushike barabara ya kusini mpaka Kibiti, na kutoka hapo uteremke kuelekea baharini mpaka harufu ya tope ikupokee.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya maji. Juzi nilikaa barazani na kijana wa jirani yangu, yuko kidato cha nne, ana hamu ya kuliona ziwa letu kutoka juu. Nikafungua kompyuta, nikamwekea picha ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya ambayo picha zake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Tukaliona Singidani, tukayaona majabali. Paa la nyumba yao tulilitafuta tusilipate, nikamweleza kwamba kila nukta ya picha ile ni mraba wa mita 10 kwa 10, kwa hiyo nyumba yao yote ni nukta moja, pengine mbili. Akaniuliza maji ya ziwa yanakwenda wapi. Hayaendi popote. Mji wetu uko katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini. Ndiyo maana maziwa yetu yana chumvi, na ndiyo maana ofisi ya bodi ya maji ya bonde hilo iko hapa hapa Singida.

Tukateremka na picha kuelekea kusini, tukavuka reli ya kati pande za Manyoni, na hapo mambo yakabadilika. Huko mkoa wetu unamwaga maji yake upande mwingine. Mto Kisigo unakusanya mvua ya nyika za Manyoni na kuipeleka Mtera. Pale inaungana na maji ya Ruaha Mkuu, inapita Kidatu, inakutana na maji yaliyotoka Kilombero na Luwegu, inapita Bwawa la Julius Nyerere, na kwenda kumwagika mbele ya kisiwa cha Mafia kwa jina la Rufiji. Kijana aliufuata mto kwa kidole mpaka mwisho wake. Mwisho wenyewe haukuwa mdomo mmoja: mto ulitawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na katikati ya vidole rangi ikawa kijani kizito, cheusi karibu, kisichofanana na chochote tulichokiona njia nzima.

Akauliza nini kile. Mikoko, nikamwambia. Inakunywa mvua yetu.

Bonde la Rufiji limechukua karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Anayelima, anayechunga na anayekata mkaa ndani ya bonde hilo, hata awe hajawahi kuiona bahari, ana lake katika msitu ule wa mwisho wa mto. Kwa hiyo sioni kwamba nimeingilia mambo ya watu wa pwani.

Delta ya Rufiji imebeba karibu nusu ya mikoko yote ya Bara. Kwenye mizizi yake kamba na samaki wachanga hujificha mpaka wapate nguvu ya kutoka kwenda baharini. Na kwa karne nyingi msitu ule umejenga miji. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene wa mti una jina lake, na wafanyabiashara waliihesabu kwa korija, ishirini ishirini, wakaipakia majahazini kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kusiko na miti ya kuezekea. Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani ya Unguja au Lamu ukashangaa kwa nini chumba ni kirefu lakini chembamba, inua macho utazame dari. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi.

Kutazamwa kutoka juu, delta ile haikuanza leo. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliingia katika mito ya Rufiji kujificha. Mabaharia walikata matawi ya mikoko wakaifunika meli, na Waingereza waliokuwa wakizunguka nje baharini hawakuweza kuiona. Ilibidi iletwe ndege. Rubani alipanda juu ya msitu, akaikuta meli imelala kwenye mkono wa mto, na mwezi Julai 1915 ndege ndizo zilizoongoza mizinga ya Waingereza mpaka meli ikaangamia. Mara ya kwanza watu walipoitazama delta kutoka angani walikuwa wakitafuta kitu cha kupiga, na mikoko ilikuwa pazia tu la kupenya. Ilipita miaka mingi kabla ya mtu kupanda angani kwa ajili ya kuitazama mikoko yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hilo likafanyika. Serikali ilikuwa imeizuia biashara ya boriti, na sasa ilihitajika kujua kilichobaki. Kwa msaada wa picha zilizopigwa na ndege, Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandaa mpango wa kusimamia mikoko ya Bara, uliotoka mwaka 1991. Mwanamama huyu aliijua mikoko kwa miguu yake kama alivyoijua kwa picha, na naona wanaofanya kazi hii leo kwa kompyuta wangefaidika wakianza alipoanzia yeye.

Setilaiti nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kupita. Ya kwanza ya ukoo wa Landsat, ya Marekani, ilirushwa Julai 1972, na warithi wake hawajaacha kupiga picha tangu hapo. Lakini picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, na mtafiti wa Dar es Salaam aliyehitaji picha za miaka 20 alikuwa anahesabu mshahara wake wa miaka mingapi? Mwaka 2008 Wamarekani wakaamua kuzitoa bure. Naamini uamuzi ule umeifaa misitu ya Afrika kuliko mikutano mingi niliyowahi kusikia habari zake, kwa sababu ghafla miaka yote iliyopita ilifunguliwa, na mtu aliyeketi hapa Utemini akaweza kuiona delta ya mwaka 1991 ikiwa kando ya delta ya leo.

Namna setilaiti inavyoutambua mkoko ni jambo zuri, niruhusu nilieleze polepole. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambao macho yetu hayauoni, uliopakana na wekundu. Maji hufanya kinyume, huumeza mwanga huo wote. Mkoko ni jani lililosimama juu ya maji au tope bichi, kwa hiyo mwanga wake una alama mbili kwa pamoja, ung'avu wa jani na giza la maji chini yake, na alama hiyo mwembe hauna wala mnazi hauna. Kuna shida ya mawingu, ambayo mtu yeyote wa pwani wakati wa masika anaifahamu. Hapo ndipo rada inapoingia. Wajapani mwaka 2006 walirusha setilaiti yao, ALOS, iliyobeba rada yenye mawimbi ya urefu wa sentimita zaidi ya 20. Mawimbi hayo yanapita mawingu, yanapita majani, yanakwenda kugonga shina na maji yaliyo chini, kisha yanarudi na habari. Kutokana na rada hiyo na picha za Landsat, mwaka 2011 ulianza mradi wa Global Mangrove Watch, unaochora mikoko ya dunia nzima. Siku hizi, kwa kutumia Sentinel-2, mradi huo hutoa kila mwezi taarifa za mahali mikoko ya Afrika inapopotea. Miaka 30 iliyopita, msitu ukikatwa ndani ya delta, habari ilisubiri mtu apige kasia.

Sasa msikilizaji, hapa ndipo ninapotaka tukae kitako.

Mimi naishi mahali ambapo jina lake limebeba utemi, na shauri linapoletwa barazani shahidi huulizwa maswali. Picha ya setilaiti ni shahidi mwema, hana ndugu wala chuki na mtu. Lakini sikiliza ushahidi wenyewe. Mpango wa mwaka 1991 ulisema mikoko ya Bara ni takriban hekta 115,500. Watafiti waliotumia Landsat, walipochapisha kazi yao mwaka 2003, walisema karibu na mwaka 1990 ilikuwa hekta 109,593, na mwaka 2000 hekta 108,138. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyokamilika mwaka 2015, ikasema 158,100. Je, mikoko iliongezeka kwa hekta 50,000 katika miaka 15? Asikudanganye mtu. Kilichotofautiana ni jicho, kipimo, na uamuzi wa nini kihesabiwe: je, kichaka kilichochanganyika na tope tupu kiitwe msitu? Je, mkono wa mto uliopita katikati uhesabiwe? Ukichukua tarakimu ya mmoja ukaitoa kwenye tarakimu ya mwingine, utatangaza neema au msiba ambao haukutokea. Picha hulinganishwa na picha ya jicho lile lile, kwa njia ile ile. Waliofanya hivyo kwa Rufiji peke yake, kwa picha za Landsat, waliona mikoko ikipungua kutoka karibu hekta 52,000 mwaka 1991 hadi takriban 45,500 mwaka 2015. Hapo napata hofu, kwa sababu hapo anasema shahidi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kilichoila mikoko ile, upande wa kaskazini wa delta hasa, ni mpunga. Ukiishia hapo, picha inakukabidhi mhalifu: mkulima mwenye panga. Lakini muulize shahidi kwa nini mpunga uko kaskazini, naye hana jibu. Jibu liko kwa wazee. Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yaliugeuza mto, maji mengi yakaelekea kaskazini, na pale maji matamu yalipofika chumvi ikarudi nyuma. Mkulima wa delta huichagua ardhi kwa kutazama miti: penye msikundazi, ule ambao zamani ulitoa milingoti ya majahazi, maji si makali na mpunga unakubali. Atalima misimu michache, magugu na kaa watamshinda, atasogea mbele. Na Warufiji hawakuanza kulima ndani ya delta jana. Walikuwako huko karne ya 19, wakati mpunga wao ulikuwa unapelekwa mbali kwa majahazi.

Mwaka 2011 mambo haya yalifika pabaya. Wakati huo dunia ilikuwa inazungumza kulipia hewa ukaa inayohifadhiwa na misitu, na habari zikatoka delta kwamba madungu ya wakulima, vile vibanda vya juu vya kulindia mpunga, yanachomwa moto na minazi inakatwa. Mwaka uliofuata watafiti wawili, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, wakachapisha makala wakisema watu wa delta wanatazamwa kama waharibifu tu, na historia yao ya kuishi na mikoko inafutwa. Wanasayansi wengine wakawapinga, na mabishano yakaendelea katika majarida ambayo mwenye dungu hakuyasoma. Mimi siyasimulii haya ili kumtetea anayefyeka msikundazi. Hekta zilizopotea zimepotea, na aliyekaa nyuma ya mikoko wakati wa dhoruba anajua amepoteza nini. Ninalosema ni kwamba picha haina kauli ya kuhukumu mtu. Inaonyesha mahali na siku, na sababu tuitafute wenyewe kwa miguu na kwa masikio.

Somo hili nililipata ndani ya boti. Mwaka juzi nilifika Nyamisati, bandari ndogo ambako watu hupanda vyombo kwenda Mafia, nikaomba nizungushwe kwenye mito ya karibu. Nahodha alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu mdogo, mtu wa maneno machache. Nilikuwa na picha mbili nilizochapisha kwenye karatasi, za mwezi mmoja, zimepishana siku chache. Katika moja, ukingo wa bahari ulionekana na miti mipya, michanga, imejaa. Katika nyingine ile miti haipo, ni maji matupu. Nilikuja nayo nikiamini nimeona uharibifu mkubwa uliotokea ndani ya wiki moja.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hapa pamekatwa."

Akazipokea zote mbili, akazitazama kwa muda huku injini ikipiga polepole. Akaniuliza zimepigwa saa ngapi. Nikamwambia karibu saa tano asubuhi, zote, kwa sababu setilaiti ile inapita saa hiyo hiyo kila mara. Akaguna.

"Hii," akasema, akigonga ile yenye miti, "ni bamvua. Bamvua, saa hizo maji yamekupwa, miche yote iko nje. Na hii ni maji mafu. Saa tano maji yako juu, yameifunika. Miche ipo, mwanangu. Imezama."

Setilaiti inafuata jua na bahari inafuata mwezi. Jambo hilo limo katika vitabu, najua, na wataalamu wazuri hukagua majedwali ya maji kabla ya kuchora. Lakini yule mzee hakuhitaji jedwali. Akazima injini tukasukumwa taratibu mpaka kwenye ukingo wenyewe, nikaiona ile miche ya mlilana imesimama kwenye tope, majani mawili mawili, ikilowa kwa mawimbi madogo.

Kisha akanionyesha la pili, ambalo lilinikaa moyoni zaidi. Tuliingia mkono mwembamba ambao kwenye picha yangu ulizungukwa na kijani kisicho na doa. Akaelekeza pua ya boti kati ya mizizi, akaniambia niiname. Chini ya majani, kila hatua chache, kulikuwa na kisiki. Vingine vilikuwa vyeusi na chaza wameshajishikiza, vingine vilikuwa bado na wekundu wa kukatwa karibuni. Miti iliyonyooka, ya unene wa boriti, ndiyo iliyokwenda. Iliyopinda imeachwa, imetanua matawi, imeziba pengo. Kutoka juu msitu ni mzima. Ukiwa ndani unajua kwamba wazazi wazuri wa mbegu wameondolewa mmoja mmoja. Nukta ya mita 30 ya Landsat, hata ya mita 10, haiwezi kuona korija mbili zilizotoka usiku kwa mtumbwi.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema sasa tuna setilaiti kwa hiyo doria za miguu zipunguzwe, naumia. Wakala wa Huduma za Misitu ana pwani ndefu na vyombo vichache. Picha imsaidie kujua pa kuelekea asubuhi, lakini aende. Na picha yenyewe isiishie kwenye kompyuta ya ofisi. Ichapishwe kubwa, itundikwe ukutani katika ofisi ya kijiji, Salale, Mfisini, Mchungu, Kiomboni. (Ndiyo, Kiomboni. Sisi tuna Kiomboi yetu kule Iramba, na sijawahi kuliona jina hilo kwenye ramani ya delta bila moyo kushtuka.) Mama anayelima mpunga aandike kwa kalamu yake hapa palilimwa mwaka gani na pakaachwa kwa nini. Mvuvi aonyeshe mkono uliojaa mchanga. Hapo ndipo ile ramani itakuwa na mambo ambayo setilaiti haijui.

Wapo waliokwisha kuanza njia ya namna hii. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wenyewe ndio wenye mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 juu ya hekta 117 tu. Wanailinda na kupanda, miti inapimwa, na fedha za hewa ukaa zinalipia maji na mahitaji ya shule. Eneo ni dogo ukililinganisha na Rufiji, lakini pale anayelinda na anayefaidika ni mtu yule yule, naye anajua tarakimu zake.

Na sisi huku juu? Delta hujengwa na tope linaloshuka na mto. Bwawa jipya la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limesimama katikati ya safari ya tope hilo, na sehemu yake itabaki bwawani. Umeme tunauhitaji, taa inayoniwakia hapa inauhitaji. Lakini ukingo wa delta unapaswa kutazamwa sasa mwaka hadi mwaka, mita kwa mita, na kwa kazi hiyo setilaiti haina mpinzani. Vivyo hivyo kingo za Kisigo. Mahali zinapovuliwa miti, maji yatashuka kwa fujo wakati wa mvua na kukatika wakati wa kiangazi, na chumvi ya bahari husubiri kukatika huko ili ipande mtoni. Picha inayoanzia Kibiti na kuishia Kibiti imekatwa kichwa. Ningependa watoto wa shule za Manyoni wawe na ile inayoanzia kwao.

Yule kijana wa jirani tayari ameniomba nimfundishe kuhesabu siku. Setilaiti za Sentinel-2 hupokezana, kwa hiyo kila baada ya siku tano moja hupita tena juu ya mahali pale pale. Tumetengeneza daftari: tarehe, mawingu yapo au hayapo, picha inaonyesha nini. Nikakumbuka boti, nikamwambia achore safu nyingine kabla ya zote. Humo ataandika mwezi una siku ngapi.